Kufunguka mu Excel si kuhama

Juzi tena prefe (mkuu wa shule) mmoja wa huku Bukavu ameniletea kle USB yenye fishie (faili) za zamani za shule, za DBF, nizihamishe mu PostgreSQL, programu ya database ya leo, anacheka: "Injeniere, hii kazi ya dakika kumi tu, mi mwenyewe nimeifungua mu Excel, yote inaonekana." Hiyo maneno nimeisikia mpaka nimechoka, njo maana leo naandika.

DBF, fishie ya data ya programu za zamani kama dBase, inafunguka kwa urahisi sababu ndani yake iko karibu maandishi matupu: kichwa, kisha rekodi za urefu sawa, tarehe ni herufi nane, hata namba zimeandikwa kama herufi. Lakini kuifungua ni kama kufungua valizi ya marehemu, vitu unaviona vyote, ila kile alichokuwa anavifanyia hujui.

Madogo nayapita mbio. Rekodi iliyofutwa haijatoka, imewekewa tu nyota mbele mpaka mtu apige PACK, amri ya kuitoa kabisa, skripti yako ikiisahau hiyo nyota, wanafunzi waliofukuzwa wanarudi shule. Majina: fishie ya DOS ya kodi 850 (jedwali la herufi) ukiisoma kama 1252 ya Windows, Hélène anakuwa H‚lŠne na François anakuwa Fran‡ois. Na umeme ukikatika mtu akiwa anaandika (huku hiyo si ajabu), hesabu ya rekodi iliyo mu kichwa inaweza kukosa kufanana na zilizomo, basi zihesabu mwenyewe: toa kichwa, ukubwa wa fishie uliobaki gawanya kwa urefu wa rekodi moja.

Sasa kile kinachoniudhi kabisa: MONTANT, kolone ya minervali (ada ya shule). Namba ya nafasi 10, mbili za desimali na nukta inakula moja, yaani haifiki milioni kumi. Deviza (aina ya pesa) haimo, nani angeiandika, pesa zilikuwa pesa. Tu mu Oktoba 1993 zaïre mpya moja ilichukua nafasi ya zaïre 3.000.000 za zamani, na mu Juni 1998 faranga ya Kongo moja ikaja kwa zaïre mpya 100.000. Kolone ni ileile. Ukipiga SUM juu yake unapata namba nzuri sana isiyo na maana yoyote, na Excel haitakuambia kitu.

Halafu kuna rekodi ambazo mu MONTANT zina nyota tupu, **********. Si virusi, prefe! Bei ilipanda ikazidi upana wa kolone, programu ikajaza nyota, na ile namba imekwenda, haiko popote mu fishie. PostgreSQL inakataa nyota mu kolone ya numeric, na iko na haki. Hapo njo watu wanaweka sifuri ili importi ipite. Hapana jamani. Sifuri ni kusema huyu mtoto hakulipa kitu, NULL ni kusema hatujui alilipa ngapi, na ukiweka sifuri, aliyelipa wewe umemgeuza mwenye deni miaka thelathini baadaye.

Mi nafanyaje? Naingiza kwanza kila kitu kama text mu meza ya kando, namba ya asili inabaki vile ilivyo hata kama ni nyota, kisha natengeneza kolone ya kiasi na ingine ya deviza. Deviza naikata kwa tarehe, na hapa nikubali sina amani: tarehe ya serikali si tarehe ya kese. Wakasai walikataa zaïre mpya wakaendelea na za zamani, na kontable wa shule siku gani alibadilisha kuandika, fishie haisemi. Kwa ile miezi ya mpito nimeomba vitabu vya resu (risiti), mzee kontable mwenyewe, amestaafu zamani, akaja na miwani yake tukakaa siku mbili tunalinganisha.

Zingine hazikupatikana, deviza nimeacha NULL. Prefe ameona matundu mu raporti, ananiuliza kama siwezi kuweka hata sifuri ipendeze.