Kubadili laini hakumtoi anayekufuatilia

Wengi wakigundua kuwa mpenzi wa zamani anajua kila waendako, hukimbilia kununua laini mpya. Laini ni namba tu. Ufuatiliaji mara nyingi umejificha kwenye akaunti: WhatsApp iliyounganishwa na kompyuta yake huendelea kupokea meseji hata ukichomoa laini, na Google Maps huweza kuonyesha ulipo kupitia akaunti ya Google.

Ingia WhatsApp, gusa vidoti vitatu vya juu (kwa iPhone ni Mipangilio), kisha vifaa vilivyounganishwa. Usichokitambua, kiondoe. Ila usikurupuke: ukikiondoa tu, kwake inajifunga, naye anajua umeshtuka. Kama ni mwepesi wa kupiga, tafuta kwanza pa kulala, na orodha hiyo ipige picha kwa simu ya mtu mwingine, maana picha ya skrini yako huenda akaiona.