Usikimbilie kujaza gesi: friji na chumvi ya bahari Lamu

Katika chuo ninakofundisha ufundi wa friji, lalamiko linalotufikia sana ni hili: friji haigandishi, fundi alisema gesi imeisha, akalipwa, akajaza, na haukupita muda yakarudi yale yale.

Gesi ya friji haiishi kwa kutumika kama petroli ya mashine ya boti. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa, na friji yaweza kuzeeka na gesi ile ile. Ikipungua, pana tundu. Anayejaza bila kulitafuta tundu anateka maji kwa pakacha.

Mara nyingi gesi haina kosa. Anza na mlango. Washa tochi ya simu, itie ndani, ufunge, kisha uzime taa ya jikoni. Mwanga ukichungulia pembeni, baridi nayo inatokea hapo. Osha raba kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Ikiwa imepasuka, ibadilishwe.

Halafu tazama mgongo wa friji. Yale mabomba membamba meusi ndiyo yanayotoa nje joto lililokuwa ndani. Wakati wa kaskazi jiko lenyewe ni tanuri. Friji ikibanwa ukutani au ikifunikwa kitambaa, kompresa, ile pampu inayozungusha gesi, itanguruma kutwa kucha. Iache na nafasi ya shubiri moja. (Friji nyingi za siku hizi zimefichwa mabomba ubavuni, kwa hivyo ubavu kupata moto si ugonjwa.)

Kwetu pwani kuna adui mwingine. Upepo wa bahari hubeba chumvi, chumvi hushika kwenye chuma na kuvuta unyevu, na kutu ikala mpaka bomba likatoboka. Hapo ndipo gesi hutoka kweli. Kila mwezi chomoa plagi, pangusa mgongo kwa kitambaa chenye maji matamu, ukaushe vizuri. Maji ya kisima yenye chumvi yataongeza kutu, usiyatumie. Kazi hii ni ya dakika kumi, na ningependa kila nyumba iliyo karibu na bahari iwe nayo kama desturi.

Barafu ikifika unene wa nusu sentimita, zima friji iyeyuke yenyewe. Nakusihi, usichokonoe kwa kisu. Friza nyingi tunazoletewa zimetobolewa na mwenyewe.

Umeme ukirudi baada ya kukatika, ngoja dakika tano ndipo uwashe. Kompresa ikilazimishwa mapema hugonga "tak", ikanyamaza, na mwisho huungua. Frijigadi, kile kifaa kinachochomekwa kati ya soketi na plagi ya friji, hukungojea dakika hizo na hukinga umeme unaopanda na kushuka.

Wauza samaki na barafu za ukwaju, msijaze friza vitu vya moto kwa mkupuo. Friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri, friji isizidi nyuzi 4. Umeme ukikatika, friza iliyojaa isipofunguliwa huhifadhi baridi kama saa 48, iliyojaa nusu yake huhifadhi kama saa 24, na friji saa 4 tu. Jodari aliyekaa kwenye joto hutengeneza sumu ya histamini, ambayo haiondoki kwa kupikwa wala kwa kugandishwa tena. Huyo mtupe, hata akiwa hajaanza kunuka.