Majani ya mpera, mwarobaini na maganda ya korosho: maswali ya kina mama wa huku kusini

Mtoto anaharisha, bibi yake kachemsha majani ya mpera, nimpe?
Bibi hajatunga, majani ya mpera yana ukakasi na mtu mzima anaweza kupata nafuu kidogo. Ila mtoto anayeharisha kinachommaliza ni kuishiwa maji na chumvi, na mpera haurudishi hivyo. Mpe ORS, ile dawa ya unga wa chumvi na sukari, pakti ya lita moja ikoroge kwenye lita moja ya maji safi, usipunguze maji wala usiongeze. Kama huna, maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6 na chumvi nusu kijiko cha chai, sawazisha kijiko kisijae mlima maana chumvi ikizidi inamdhuru. Ziwa aendelee kunyonya, alafu zahanati waombe vidonge vya zinki, amalize siku zote watakazokwambia ata kama kaacha kuharisha. Ukiona macho yameingia ndani, analia bila machozi, kalegea au choo kina damu, ita bodaboda ata kama ni saa nane usiku.

Homa ikianza tunaanza na mwarobaini, kuna ubaya?
Ubaya upo kwenye kuchelewa jamani. Lindi na Mtwara malaria ni nyingi, mvua zikishakolea ndo balaa, na kwa mtoto mdogo inaweza kupanda kichwani ndani ya siku moja mbili wakati nyie bado mnachemsha. Hapo ndo anapata degedege, watu wanasema kaingiliwa na shetani wanamfukiza moshi, kumbe ni homa hiyo hiyo. Pimeni kwanza, ni tone la damu tu kidoleni na majibu yanatoka haraka, ikionekana ni malaria atumie dawa mseto amalize dozi. Na sio kwamba nadharau majani, ata dawa mseto chimbuko lake ni mmea, mwanasayansi Tu Youyou wa China alipata tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kuitoa dawa kwenye majani yake, tofauti ni kwamba ile imepimwa kipimo chake kinajulikana, sufuria ya nyumbani haina kipimo. Na mafuta ya mwarobaini msimnyweshe mtoto kabisa, yanaweza kumletea degedege na kumuua.

Mafuta ya maganda ya korosho yanaponya fangasi na visigino vilivyopasuka?
Yanababua ngozi, waulize wanaobangua bila glavu mikono yao inavyokuwa. Kisigino kikishababuka ni kidonda, na mwenye kisukari kidonda cha mguu sio cha kuchezea. Fangasi nunua dawa ya kupaka.

Mchaichai unashusha presha?
Kunywa kama chai, ni mzuri. Vidonge vya presha usiache.

Kitovu cha kichanga tupake nini, wengine wanaweka majivu na majani yaliyotwangwa?
Msiweke hivyo vitu, vinaweza kuingiza pepopunda. Kiacheni kikavu na kisafi, nepi ifungwe chini yake, na kikianza kunuka, kutoa usaha au ngozi ya pembeni ikawa nyekundu, mpelekeni siku hiyo hiyo.