Dkt. Haidar Abdel-Shafi, siasa na nembo ya Hilali Nyekundu

Tangu tuanze kampeni ya kulinda nembo, swali linaloongoza katika ujumbe tunaopokea si la maduka ya dawa kama tulivyotarajia. Watu wanauliza: ikiwa Hilali Nyekundu, mwenza wa Msalaba Mwekundu katika huduma za tiba na misaada, haiegemei upande wowote, mbona aliyeiasisi Gaza alikuwa mwanasiasa? Anayekusudiwa ni Dkt. Haidar Abdel-Shafi. Swali ni la haki, ila wengi wanaouliza wamekwisha kujijibu, na wamejijibu vibaya, kwamba nembo yenyewe ni ya kisiasa.

Abdel-Shafi alizaliwa Gaza mwaka 1919, akahitimu udaktari Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut mwaka 1943. Vita vya 1948 kati ya Waarabu na Israeli vilipoijaza Gaza wakimbizi, aliwatibu kwa kushirikiana na shirika la misaada la Quaker, dhehebu la Kikristo. Baadaye alikwenda Dayton, Ohio, kusomea upasuaji, akarudi nyumbani kushika kisu. Kuanzia 1957 hadi 1960 aliongoza huduma za afya za Gaza, wakati huo ikiwa chini ya Misri. Kutoka hapo siasa ikamchukua: mwaka 1962 akawa mwenyekiti wa Baraza la Kutunga Sheria la Gaza, na mwaka 1964 alikuwa Jerusalem ilipoundwa PLO, yaani Chama cha Ukombozi wa Palestina, akaingia katika kamati yake kuu ya kwanza.

Hata hivyo hakuiacha wodi. Katika vita vya 1967 alijitolea hospitali ya Shifa. Waisraeli walimhamishia Sinai mwaka 1969, kisha wakamfukuzia Lebanon mwaka 1970. Mara zote mbili alirejea. Mwaka 1972 akaanzisha Hilali Nyekundu ya Gaza.

Hapa lazima tunyooshe jambo, maana linatuchosha. Chama cha Hilali Nyekundu cha Palestina kilichopokelewa katika Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu mwezi Juni 2006 ni kile kilichoanzishwa Desemba 1968 na kuongozwa kwa miaka mingi na Dkt. Fathi Arafat, mdogo wake Yasser Arafat. Cha Abdel-Shafi kilikuwa chombo kingine. Madaktari wawili, vyama viwili, jina linalofanana. Tunaomba mlitazame hilo kabla ya kusambaza picha zao. Na kwa wanaodhani hilali ni tangazo la dini: hapana, sivyo. Waosmani, watawala wa dola ya Kituruki ya zamani, waliitumia kuanzia 1876, mikataba ya Geneva ikaitambua mwaka 1929, na ulinzi wake ni sawasawa na wa Msalaba Mwekundu.

Januari 1980 waandamanaji wa kundi la Kiislamu waliichoma moto ofisi ya Hilali hiyo ya Gaza. Machoni pao, Abdel-Shafi na wenzake walikuwa wakomunisti. Hatusemi kosa lilikuwa la daktari. Kuchoma ofisi ya huduma za afya hakuna utetezi. Tunachosema ni kwamba watu wakishaona nembo ina chama cha siasa, hasira ya siasa huishia mlangoni kwa mgonjwa.

Oktoba 1991, alipoongoza ujumbe wa Wapalestina kwenye mkutano wa amani wa Madrid kati ya Israeli na Waarabu, bado alikuwa mkuu wa Hilali ile ile. Kwa mtazamo wetu wa leo, angeombwa akae pembeni kwanza. Heshima yake haipungui kwa hilo. Alikuwa mtu wa msimamo: aliupinga Mkataba wa Oslo, makubaliano ya Israeli na PLO, kwa sababu haukusimamisha ujenzi wa makazi ya walowezi. Mwaka 1996 aliongoza kwa kura katika jiji la Gaza kwenye uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria la Palestina, kisha akajiuzulu kabla ya muhula kwisha, akichukizwa na ufisadi uliokuwa ukifumbiwa macho. Mwaka 2002 akashirikiana na daktari mwingine, Mustafa Barghouti, kuanzisha Mubadara, harakati ya kisiasa ya Wapalestina. Alifariki Septemba 2007.

Basi ieleweke: daktari au mtu wa kujitolea ana haki ya kupiga kura, kuwa na kadi ya chama cha siasa na kusema anachoamini. Asichoruhusiwa ni kuyafanya hayo akiwa na nembo kifuani.

Kuhusu matumizi, Mkataba wa Kwanza wa Geneva wa 1949, kifungu cha 44, unaruhusu wakati wa amani nembo iwekwe kwenye magari ya wagonjwa na vituo vya huduma ya kwanza vinavyotibu majeruhi na wagonjwa bure tu, tena kwa idhini maalumu ya chama cha taifa cha Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu. Zahanati ya kulipia haimo, hata kama mwenyewe ni mwanachama wetu. Kifungu cha 53 kinakataza matumizi mengine, zikiwemo alama za kuiga, na cha 54 kinazitaka nchi ziwe na sheria za kuzuia na kukomesha matumizi mabaya. Kuitumia vitani kumhadaa adui, akafa au kujeruhiwa vibaya, ni uhalifu wa kivita.

Sisi huanza na maelezo ya mdomo, kisha barua. Mwenye jengo akikaidi, jalada linakwenda kwa mamlaka husika. Wengi hurekebisha baada ya barua, kwa hiyo hakuna haja ya kutuandikia kwamba "tunawaonea wafanyabiashara". Msalaba wa kijani unatosha kabisa kwa duka la dawa.

Waliosaini kupokea fulana za kujitolea na sasa wanachukua fomu za kugombea warudishe fulana hizo ofisini kabla ya mkutano wao wa kwanza wa hadhara, na kofia pia.