Kwa nini bima ya afya ya Ujerumani haikuulizi unaumwa nini?

Aliyewahi kuomba bima ya afya kwenye kampuni binafsi Nairobi au Dar es Salaam anazijua zile kurasa za maswali. Una presha? Kisukari? Umewahi kufanyiwa upasuaji? Una ujauzito? Ukijibu ndiyo, bei inapanda, au unapewa miezi ya kusubiri, au mlango unafungwa. Kisha mtu huyohuyo anapata kazi ya uuguzi Ujerumani, anajaza fomu ya bima ya umma, na anachoulizwa ni jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani, mwajiri, na picha ya kuweka kwenye kadi. Basi. Hakuna anayetaka habari za selimundu aliyozaliwa nayo.

Si kwamba wamesahau ukurasa. Sheria inaukataza mfuko wa bima ya umma kumkataa mtu mwenye sifa ya kujiunga, hata awe mgonjwa kiasi gani, na mchango wake haupimwi kwa hali ya mwili wake. Unapimwa kwa mshahara.

Mizizi ya jambo hili ni mirefu kuliko dola ya Ujerumani yenyewe. Kwenye machimbo ya Rammelsberg, karibu na mji wa Goslar, kuna hati ya mwaka 1260 inayotaja udugu wa wachimba madini uliowahudumia wagonjwa na mafukara wao. Baadaye desturi ikaenea machimboni: kila mchimbaji anadondosha senti yake koponi, na kopo hilo linamtunza aliyevunjika mguu, mjane na yatima. Mwenye chama cha kufa na kuzikana mtaani kwake haitaji kufafanuliwa zaidi. Hata jina la mifuko ya leo, Krankenkasse, maana yake ni sanduku la fedha la wagonjwa.

Aliyeligeuza kopo hilo kuwa sheria ya nchi ni Kansela Otto von Bismarck, tarehe 15 Juni 1883. Hakusukumwa na huruma peke yake. Mwaka 1878 alikwisha kupitisha sheria ya kupiga marufuku vyama, mikutano na magazeti ya wasoshalisti. Bima ilikuwa njia ya kuwavuta wafanyakazi waione serikali yake kuwa ni yao. Mfanyakazi alichanga theluthi mbili, mwajiri theluthi moja. Sheria ilianza kufanya kazi tarehe 1 Desemba 1884, na sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kuitazama tarehe hiyo mara mbili. Siku hiyo Mkutano wa Berlin, ule wa mataifa ya Ulaya kuwekeana masharti ya kuichukua Afrika, ulikuwa unaendelea, na mwenyeji wake ni Bismarck huyohuyo. Miezi mitatu haikuisha, Februari 1885, mkoloni Mjerumani Carl Peters akapewa hati ya ulinzi juu ya ardhi alizodai kuzipata kwa mikataba na machifu wa Usagara, Ukami, Nguru na Useguha. Muuguzi wa Kitanzania anayekatwa mchango wake Dortmund leo anachangia mfuko uliozaliwa wakati uleule, na haki yake ndani yake ni sawa na ya Mjerumani anayefanya naye zamu.

Anakatwa kiasi gani? Mchango wa msingi ni asilimia 14.6 ya mshahara kabla ya makato. Kila mfuko huongeza asilimia yake kidogo. Mwaka 2025 wastani wa nyongeza hiyo uliwekwa kuwa asilimia 2.5. Jumla mwaka huo ilikuwa asilimia 17.1, na mwajiri hubeba nusu. Kwa hiyo mwenye mshahara wa euro 3,000 kwa mwezi alikatwa euro 256.50, na mwajiri akatia kiasi hichohicho. Kando yake kuna mchango mdogo wa bima ya matunzo kwa wazee na wasiojiweza, iliyoanza mwaka 1995, ambao asiye na mtoto huulipa kwa kiwango cha juu kidogo.

Mkenya aliyezoea asilimia 2.75 za SHA, bima ya afya ya umma ya kwao, atashtuka. Mtumishi wa umma Tanzania, anayekatwa asilimia 3 za NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, na mwajiri akaongeza 3 nyingine, atashtuka pia. Ni pesa nyingi, sitaki kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Lakini kabla ya kulalamika, tazama nani mwingine yumo ndani ya euro zile 256.50. Mume au mke asiye na kipato, au mwenye kipato kidogo sana, anaingia bure. Watoto wanaingia bure hadi miaka 18, na hadi 25 wakiwa bado masomoni. Mwenye watoto wanne analipia bima ya afya sawasawa na kijana anayeishi peke yake kwenye chumba cha kupanga, ilimradi mishahara yao ni sawa na familia iko Ujerumani.

Hapo linakuja swali ambalo kwangu ndilo kiini cha habari yote: mfuko unawezaje kumpokea mgonjwa wa figo anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki, kwa mchango uleule wa mtu mzima wa afya, na usifilisike? Na kwa nini mifuko, ambayo tangu mwaka 1996 inashindania wanachama, haikimbilii vijana wenye nguvu na kuwakwepa wagonjwa kwa hila?

Jibu ni kwamba mchango wako haukai kwenye mfuko uliouchagua. Tangu mwaka 2009 michango yote ya nchi humiminwa kwenye chungu kimoja kikuu, na serikali huongezea humo fedha za kodi. Kisha chungu hicho hupakuliwa, na kila mfuko hupata fungu kwa kadiri ya watu ulionao: umri wao, jinsia yao, na magonjwa yao. Mfuko wenye wagonjwa wengi wa kisukari unapakuliwa zaidi. Wenye vijana wengi wa mazoezi unapakuliwa kidogo. Mgonjwa wa figo anapobisha hodi, anakuja na fungu lake mkononi, na mfuko hauna sababu ya kumwogopa. Kukataza kwa sheria tu kusingetosha, maana anayetaka kumkwepa mgonjwa hakosi njia: simu haipokelewi, barua inachelewa kujibiwa. Wajerumani waliondoa faida ya kumkwepa, na hilo naliona kuwa zito kuliko katazo lenyewe.

Ukishapata kadi, unakwenda kwa daktari, kadi inasomwa kwenye mashine, unatibiwa, unaondoka. Huoni ankara. Dawa ya kuandikiwa unaichangia kati ya euro 5 na 10. Kulazwa ni euro 10 kwa siku, na baada ya siku 28 katika mwaka mmoja hulipi tena. Watoto hawachangii dawa wala kulazwa. Mfanyakazi akiugua, mwajiri anaendelea kumlipa mshahara wake wote kwa wiki sita, kisha mfuko unashika, kwa asilimia 70 ya mshahara kabla ya makato.

Wageni wengi huumia mahali pengine kabisa, nao ni mlangoni, kabla hawajaingia. Mitandaoni kuna bima nyingi za binafsi kwa wageni wapya, nyingine chini ya euro 50 kwa mwezi, na kwa mwanafunzi anayehesabu kila senti zinavutia mno kuliko bei ya mwanafunzi kwenye mfuko wa umma, ambayo mwaka 2025 ilikuwa karibu euro 145. Zina mahali pake: anayesoma kozi ya lugha tu hapati bei hiyo ya mwanafunzi, na lazima awe na kitu cha kumkinga. Lakini zimejengwa kwa mantiki ya kule tulikotoka. Ugonjwa uliokuja nao kwa kawaida haumo. Ujauzito ulioanza kabla ya bima haumo.

Na kuna karatasi moja ambayo ningependa kila mwanafunzi aisome mara tatu kabla ya kuisaini. Anayeanza chuo ana miezi mitatu ya kuomba asamehewe bima ya umma ili abaki na ya binafsi. Akisamehewa, msamaha huo haufutiki kwa muda wote wa masomo yake. Mwaka wa kwanza ameokoa euro 100 kwa mwezi; mwaka wa tatu amegunduliwa na ugonjwa sugu, bima ya binafsi inapandisha bei au inaleta masharti, na mlango wa umma umefungwa mpaka apate kazi. Aliyetimiza miaka 30 naye hapati tena bei ya mwanafunzi, jambo linalowakuta wengi wetu wanaokwenda kusoma shahada ya pili wakiwa tayari na familia. Mwenye kazi ya mshahara wa kawaida hana hofu hii. Yeye huingizwa bima ya umma kwa lazima, na katika jambo hili lazima hiyo ni kinga yake.

Mwenye mshahara mkubwa, uliozidi euro 73,800 kwa mwaka (kiwango cha 2025), anaruhusiwa kuhamia bima kamili ya binafsi. Akiwa na miaka 32, hana mtoto wala ugonjwa, ataona ni nafuu. Humo kila mtoto analipiwa peke yake, bei hupanda kadiri miaka inavyokwenda, na aliyevuka 55 ni nadra kuruhusiwa kurudi.

Kuna mpaka mwingine, na huu unawagusa wote. Kadi ya Ujerumani haisomeki Muhimbili wala Kenyatta. Ukienda nyumbani likizo, nunua bima ya safari. Ya mwaka mzima ni bei ndogo, na bila hiyo ukivunjika mkono Bagamoyo utalipa mwenyewe. Na mama yako hawezi kuandikwa kwenye bima yako. Mlango wa familia ni wa mwenzi na watoto. Wazazi hawamo, hata kama wewe ndiye unayewalisha. Akija kumwona mjukuu, visa yake itadai bima ya safari isiyopungua euro 30,000, na bima hiyo ni ya dharura. Presha aliyotoka nayo Tanga haimo. Mwambie afungashe dawa zake za siku zote atakazokaa, aongeze na za wiki mbili, na azibebe kwenye mkoba wa mkononi.