Kinoo cha asili: jiwe lisilo na namba

Ukitaja "kinoo" hapa Arusha, vijana wengi watasita. Sema "jiwe la kunolea", wanakuelewa papo hapo. Ni kitu kilekile: jiwe linalokula chuma kidogo kidogo mpaka makali yarudi. Kinoo cha asili ni kile kilichokatwa kutoka mwambani kikabaki kama kilivyoumbwa, tofauti na cha kiwandani ambacho ni unga mgumu uliofinyangwa na kugandishwa. Panga halibagui, hata ngazi ya saruji nyuma ya nyumba inalitosha. Wembe wa kukunja, ule wa mpini waliokuwa nao wazee, ndio unaochagua jiwe.

Tofauti kubwa ya kinoo cha asili na cha kiwandani iko kwenye namba. Seremala anajua msasa namba 80 unakwangua na namba 400 unalainisha. Vinoo vya kiwandani vinafuata mtindo huohuo: 1000 ya kutengeneza makali, 8000 ya kuyalainisha. Cha asili hakina namba, na muuzaji anayekutajia namba anakupa makisio yake tu. Namba inapima ukubwa wa chembe, lakini mwamba una mengine: umbo la chembe, wingi wake, na kile kinachozishikilia.

Chukua jiwe linaloitwa Coticule, la manjano hafifu, kutoka milima ya Ardennes huko Ubelgiji. Ukali wake unatokana na ganeti, aina ya kito, ndugu wa zile za rangi ya chungwa zinazochimbwa Loliondo. Nilipomwambia jirani yangu, ambaye ni dalali wa madini, kwamba kuna jiwe la kunolea lililojaa ganeti, swali lake la kwanza lilikuwa, "Kwa hiyo unaweza kuzichomoa?" Huwezi. Nyingi zina upana wa mikroni 5 hadi 15, wakati unywele mmoja wa kichwa ni kama mikroni 70. Kwa kawaida chembe yake ina nyuso 12 na pembe butu, hivyo inakwaruza chuma juujuu bila kuchimba. Ndiyo maana chembe ambazo kwa ukubwa si ndogo sana zinaacha makali laini kidevuni.

Ukilimwagia maji na kulisugua kwa kipande cha jiwe lenzake, linatoa tope jeupe kama maziwa. Tope zito linakula chuma haraka. Ukiongeza maji tone kwa tone, kasi inapungua na makali yanalainika, hadi unabaki na maji matupu. Kwa hiyo jiwe moja linafanya kazi ya mawe mawili au matatu, ila mkono ndio unaoamua lini. Kwangu huo ndio utamu wa vinoo vya asili, na ndiyo sababu vinawakasirisha wanaotaka jibu moja.

Mawe ya Arkansas, Marekani, yana tabia nyingine. Ni kwatzi safi ya chembe ndogo mno, magumu, hayatoi tope, na hupakwa mafuta. Jiwe zito kuliko lenzake la ukubwa uleule kwa kawaida ndilo linaloacha makali laini zaidi, na yale bora ukiyamulika tochi pembeni mwanga unapenya. Vinoo vya Thuringia, Ujerumani, ni vya jamii ya mwamba wa sleti. Machimbo yake yalishafungwa, kwa hiyo unanunua mtumba, na unageuzageuza kama unavyofanya na shati pale soko la Kilombero.

Unachotafuta ukigeuzageuza ni bonde, yaani pale jiwe lilipolika. Wembe unalazwa mgongo na makali vyote vikigusa jiwe, mgongo ndio unaopanga pembe. Jiwe likiwa limelika katikati, makali yanaguswa huku na kuachwa kule. Hilo lina dawa: bandika msasa kwenye kioo kinene, mwagia maji, sugua jiwe hadi liwe sawa. Ufa hauna dawa. Lowesha jiwe, liache likauke, kisha angalia: uso ukishakauka, ufa unabaki na mstari wa maji. Anayeuza kwa picha mwombe picha hiyo. Mshipa wa rangi si lazima uwe kasoro. Fumba macho, pitisha ukucha juu yake, na ukinasa ujue wembe nao utanasa.

Ukubwa unapandisha bei kuliko unavyosaidia. Wembe una urefu wa sentimita 7 hivi, lakini unaupitisha kimshazari, basi upana wa sentimita 4 unatosha. Vipande visivyo na umbo, vya mwamba uleule, ni nafuu na vinanoa vilevile. Anayeanza anunue kwanza cha kiwandani namba 1000. Kupeleka wembe butu kabisa kwenye kinoo laini cha asili ni kutwanga maji kwenye kinu. Na usimpe wembe fundi wa kunoa anayepita na baiskeli, maana gurudumu lake likikipasha chuma moto kinageuka rangi na kulegea.

Mawe ya Meru je, au ya Mto Themi? Nimeulizwa mara nyingi. Mengi ni ya volkano, yana vitundu na chembe za ukubwa tofauti, na chembe moja kubwa inatosha kuacha pengo kwenye makali. Kwa shoka, sawa.

Yule jirani hakuridhika. Nilimpa kile kipande kidogo cha kutolea tope, akakipeleka dirishani, akatoa lenzi yake ya kupimia madini na kukiangalia pande zote.

"Unga mtupu," akasema, akanirudishia.