Kwa nini hibiskasi huwa nyeusi kitabuni na bogenvilia hubaki na rangi yake?

Chuma hibiskasi nyekundu na bogenvilia kwenye uzio wa nyumba yoyote ya Entebbe au Jinja, uzilaze katikati ya kurasa za gazeti, uzikandamize kwa matofali. Ukifungua baada ya wiki mbili au tatu, bogenvilia itakuwa na rangi yake karibu ileile uliyoichuma nayo. Hibiskasi itakuwa imegeuka zambarau inayoelekea weusi, na pengine imeng'ang'ania karatasi kiasi kwamba ukiivuta inachanika. Zimechumwa saa ileile na zimekaushwa pamoja. Tofauti imetoka wapi?

Imetoka kwenye maji na kwenye kemia ya rangi. Anayeyajua haya mawili hutengeneza kadi na picha za maua ya kubana kwa namna nyingine kabisa, kwa sababu kazi yake huanzia bustanini, siku anapochagua cha kupanda.

Tuanze na maji. Kile tunachokiita ua la bogenvilia kwa kweli ni majani yaliyobadilika rangi. Maua yenyewe ni yale madogo meupe yaliyosimama katikati. Majani hayo ni makavu tangu yakiwa mtini, na ukiyafikicha utayasikia yanachakarika. Hibiskasi ina petali pana zilizoshiba maji, tena zina utelezi. Mmea huu ni wa familia moja na bamia, na utelezi unaoujua kwenye sufuria ya bamia ndio unaogandisha petali kwenye karatasi. Kifabakazi, ule mti wenye maua mekundu yanayowaka kando ya barabara zetu, umezidi hapo: matumba ya maua yake yamejaa maji kiasi kwamba watoto huyaminya na kurushiana. Ua la namna hiyo kulibana zima ni kazi ngumu sana.

Lakini maji yanaletaje weusi? Kila aliyewahi kumenya matooke ameliona jibu. Ndizi iliyomenywa na kuachwa juani kidogo tu inageuka nyeusi, ndiyo maana mpishi huitumbukiza kwenye maji. Ndani ya seli za mmea kuna kemikali ziitwazo fenoli, na mahali pengine ndani ya seli hizohizo kuna vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali. Seli zikiwa nzima, fenoli na vimeng'enya havikutani. Kisu kikipita, kuta zinavunjika, vinakutana, oksijeni inaingia, na rangi ya kahawia inazaliwa. Matooke yakishapikwa hayafanyi hivyo tena kwa sababu joto limevilemaza vile vimeng'enya.

Petali iliyobanwa hupitia mkasa huohuo, ila polepole. Seli zinakufa, kuta zinavuja, na maadamu unyevu upo, vimeng'enya vinaendelea na kazi. Kwa hiyo kinachookoa rangi ni kasi. Ua likikauka upesi, vimeng'enya hukosa maji ya kufanyia kazi kabla havijaharibu kitu. Hapa kwetu, hasa karibu na ziwa na hasa kati ya Machi na Mei, hewa ni ya unyevu, na maua yaliyoachwa kwenye kitabu kizito huota ukungu kabla ya kukauka. Kubadilisha magazeti kila siku katika wiki ya kwanza kunasaidia kuliko uzito wowote utakaoweka juu. Tumia gazeti la kawaida. Karatasi ya jarida inayong'aa hainyonyi maji. Chuma asubuhi umande ukishakauka, si mapema kuliko hapo. Wenye haraka hutumia pasi isiyo na mvuke, kwa moto mdogo, ua likiwa katikati ya karatasi mbili. Joto hilo hukausha na pia hulemaza vimeng'enya, kama lilivyofanya kwenye matooke.

Wajapani wameipeleka hoja hii mbali zaidi katika sanaa yao iitwayo oshibana. Maua hukaushwa upesi kwa karatasi maalumu za kunyonya unyevu, kisha picha iliyokamilika hufungwa ndani ya fremu pamoja na vitu vya kunyonya unyevu na oksijeni. Ukishakijua chanzo cha ukahawia, unaona mara moja kwa nini wanahangaika hivyo.

Upande wa pili ni rangi yenyewe, na hapa ndipo ninapoona utamu wote wa somo hili. Wekundu wa hibiskasi na wa waridi hutokana na anthosianini, rangi inayobadilika kufuatana na uchachu wa maji yaliyoizunguka. Chemsha petali za hibiskasi nyekundu, kamulia limau, na maji yatang'aa mekundu; tia magadi badala ya limau na wekundu utapotea kabisa. Seli ikifa, vilivyomo ndani yake vinachanganyika, uchachu unapungua, na wekundu unahamia kwenye zambarau. Ukahawia wa vimeng'enya ukiongezeka juu yake, unapata weusi ule.

Bogenvilia haina shida hiyo. Rangi yake ni betalaini, ndugu wa rangi ya bitiruti na ya mchicha mwekundu ambao Waganda huuita bbugga, ile inayopaka maji ya kupikia. Betalaini haiyumbishwi na uchachu kwa urahisi. Tena mmea wenye betalaini hauna anthosianini. Makundi hayo mawili hayajaonekana pamoja katika mmea mmoja. Manjano na machungwa ya marigoldi ni kundi la tatu, karotenoidi, lile la karoti, nayo hustahimili kukaushwa vizuri sana.

Na maua meupe? Mengi hayana rangi yoyote. Weupe wake ni hewa iliyonaswa kati ya seli, inayorudisha mwanga kila upande. Ukilibana, ile hewa inatoka, na petali inabaki angavu, unaona mpaka karatasi iliyo chini yake. Kuna anayelihesabu hilo kuwa hasara. Mimi nalipenda kuliko yote, kwa sababu mishipa ya petali iliyokuwa imefichika sasa inaonekana wazi, na juu ya karatasi ya rangi nzito inapendeza mno.

Wataalamu wa mimea wamelijua hili muda mrefu. Tangu Luca Ghini wa Italia alipowafundisha wanafunzi wake kubana mimea katika karne ya 16, hebaria, yaani hifadhi za mimea iliyobanwa na kukaushwa, zimeenea duniani, na Chuo Kikuu cha Makerere kina yake. Mkusanyaji makini huandika rangi ya ua kwenye lebo siku ileile ya kuchuma, kwa sababu anajua kwamba atakayelifungua baadaye hataiona. Tabia hiyo inafaa kuigwa na anayetengeneza kadi: andika ua lilikuwaje lilipochumwa, ulinganishe na lilivyogeuka baada ya kubanwa, na baada ya msimu mmoja utakuwa na ramani ya rangi za bustani yako mwenyewe.

Ramani hiyo ndiyo huzaa ubunifu. Ukitaka zambarau nzito, hibiskasi itakupa bila kuombwa. Tenganisha petali zake, ondoa kile kijiti kinene cha katikati, zibane mojamoja, kisha uzipange upya. Kwa mandhari, sijaona kinachopita lubugo, kile kitambaa cha gome la mutuba kinachopigwa kwa nyundo za mti mpaka kilainike, ambacho UNESCO ilikitambua mwaka 2005. Rangi yake ya udongo mwekundu inameza zambarau, lakini marigoldi na bogenvilia ya waridi zinaruka machoni. Weka kioo juu, na usiitundike mahali panapopigwa na jua, kwani mwanga hufifisha makundi yote matatu.

Vitalu vya miche kando ya barabara ya Entebbe vina karibu kila kitu cha kuanzia. Marigoldi huota kwa mbegu bila masharti, kosmosi vilevile, na petali zake nyembamba hukauka upesi. Tafuta pia kangaga wa kupanda chini ya bomba penye kivuli. Majani yake hayana haja ya kulazimishwa, yamelala bapa tangu mwanzo, nayo hushika kijani chake vizuri yakikaushwa haraka.